A Separation: hivi nani hasa aliyeivunja ile ndoa?

Kisiki:

Wakuu habari za muda huu. Naomba tuijadili hii muvi ya A Separation, ile ya Iran ya 2011 ya Asghar Farhadi. Nasema mapema kabisa kwamba hapa tutaitaja mpaka mwisho wake, kwa hiyo kama hujaiona na una mpango wa kuiona pita kwanza, utarudi ukishamaliza.

Nimeiangalia na mke wangu na tangu ilipoisha hatujakubaliana. Yeye anasema mwenye makosa ni Nader, mi nasema ni Simin, na kadri tunavyobishana ndo naona kila mmoja wetu ana hoja ambayo mwenzake hana jibu lake.

Kwa waliosahau, Simin anataka familia ihame Iran, viza ipo tayari na imebakiza siku 40, Nader anagoma kwa sababu baba yake mzee ana Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na hawezi kumwacha. Simin anaenda mahakamani kudai talaka na cha ajabu mbele ya hakimu hamsemi vibaya mumewe hata kidogo, anakiri ni mtu mwema, shida yake ni kwamba hataki binti yao Termeh akulie pale. Hakimu anaona tatizo lao ni dogo, anawarudisha nyumbani. Simin anafungasha anaenda kwa mama yake. Nader inabidi atafute mtu wa kumuangalia mzee, anampata Razieh, mama mjamzito ambaye mumewe hajui kama kachukua hiyo kazi. Siku moja Nader anarudi na mwanae anakuta mzee yuko chini, mkono umefungwa kitandani, Razieh hayupo. Aliporudi wakagombana, akamsukuma nje ya mlango, baadae ikasikika mimba imetoka na Nader akajikuta anashtakiwa kwa kuua.

Sasa mi namtetea Nader hivi: mzazi wako hajui tena hata kuoga, we utamwacha kwa nani? Kile kipande cha bafuni anamuogesha baba yake, anamsugua mgongo, halafu ghafla anaegemea ule mgongo na kulia, mi pale nilimaliza maneno. Mtu mwenye moyo kama ule unamwachaje? Na Simin angebaki, Razieh asingeingia mle ndani, na yote yale yasingetokea.

La pili ni ule mwisho. Termeh anaulizwa na hakimu ataishi na nani, anasema ameshaamua, wazazi wanatolewa nje wasubiri, na muvi inaisha wakiwa kwenye korido. Hatuambiwi! Hivi ni mtunzi kaishiwa au kuna kitu nimekipita? Na nyie mnaonaje, binti alimchagua nani?

Na mwenye muvi nyingine za namna hii, ndoa inayoyumba bila mabastola na bila michepuko ya kijinga, ataje tafadhali.

Mama Wawili:

Kaka Kisiki, mpe mkeo pole na umwambie yupo sahihi.

Tuanze na hiyo bafuni uliyoisifia, hata mi nililia. Lakini jiulize kitu kimoja, mwanaume anayeweza kulia mgongoni kwa baba yake kwa nini hawezi kumwambia mkewe neno moja tu, baki? Rudia muvi yote uniambie ni wapi Nader alimuomba Simin asiondoke. Hakuna. Mahakamani anasema kama anataka kwenda aende. Nyumbani mkewe anafungasha na yeye anaendelea na mambo yake kama vile anayeondoka ni mgeni. Anayemzuia Simin pale ni yule mzee asiyejua kitu, anamshika mkono hataki kuuachia, anamuita jina lake. Mgonjwa ambaye hamtambui mwanae wa kumzaa ndiye anayemng'ang'ania mkwe asiende, mume kasimama pembeni! Mi kile kipande kilinichoma kuliko hata vya mahakamani.

Na baadae binti anapomuuliza baba kwa nini usimwambie mama arudi, jibu lake ni lile lile la kiburi, kwani nani kamwambia aondoke. Hapo ndo ndoa ilipofia. Simin aliondoka akitaka aitwe, kwani alienda wapi zaidi ya kwa mama yake mzazi? Angekuwa kweli anataka kukimbia angekimbia.

Halafu mnasahau ni nani aliyehangaika kumtoa Nader kwenye lile balaa. Nader kazi yake ilikuwa kusimamia kwamba hana hatia, hata kama kila mtu anaumia. Simin ndiye aliyezunguka kwenda kukaa na ile familia ya Razieh, kupanga diya (fidia ya mimba iliyotoka), kuwasihi, maana alikuwa anaona Termeh anafuatiliwa mpaka shuleni. Nader anasema akilipa itakuwa kama amekiri kosa. Sawa ni msimamo, lakini msimamo ambao gharama yake inalipwa na mtoto wa miaka 11 mi siuiti ujasiri.

Dereva wa Usiku:

Mama Wawili umeongea kwa uchungu ila naomba nikupinge kidogo, Simin naye hakusema. Kama ulitaka uzuiwe sema nizuie. Alipeleka shauri mbele ya hakimu akiwa na viza mkononi, sasa mume ajue vipi kwamba moyoni anataka kubembelezwa? Wote wawili walikuwa wanasubiriana na kila mmoja aliona akianza yeye ameshindwa.

Na ile hela ya droo mbona hamuisemi. Simin wakati anahama wale wabeba piano walidai nyongeza ya ngazi, akachukua pesa kwenye droo akawalipa bila kumwambia mtu. Nader anakuja kuhesabu anakuta pungufu, anamtuhumu Razieh kwamba kaiba, na ni hiyo tuhuma ya wizi iliyomfanya Razieh akatae kuondoka pale mlangoni, anataka asafishwe jina lake, ndo akasukumwa. Yaani nyumba ambayo watu bado wanaambiana "nimechukua kiasi fulani" ile kesi isingekuwepo. Mi nikiwaza hiyo muvi nawaza ile droo tu.

Fundi Picha:

Hiyo ya droo ni kweli kabisa na wengi inawapita kwa sababu Farhadi anaipitisha haraka haraka mwanzoni watu wakiwa wanahangaika na piano kwenye ngazi, kamera haiipi uzito wowote. Ndo ufundi wake huo, kitu kikubwa anakuonyesha wakati hujajua kwamba ni kikubwa.

Lakini kuna kingine amekificha kabisa. Mnakumbuka Razieh anatoka mbio barabarani kumfuata yule mzee aliyetoka nyumbani peke yake, magari yanapita, mzee yuko ng'ambo ile, halafu picha inakatwa? Tunarudi nyumbani, maisha yanaendelea. Ni mpaka karibu na mwisho Razieh mwenyewe anamwambia Simin kwamba siku ile aligongwa na gari na maumivu yalianza usiku ule ule, kabla ya kusukumwa. Yaani tukio lenyewe linaloamua kesi hatukuonyeshwa. Tuliokaa kwenye makochi tulimhukumu Nader au tukamtetea kwa ushahidi nusu, sawa na yule hakimu. Kisiki we na mkeo mmebishana kwa sababu muvi imewaweka kwenye kiti cha hakimu tangu dakika ya kwanza, na hii sisemi kwa mafumbo, rudieni mwanzo muone: Nader na Simin wamekaa wanatutazama sisi usoni, hakimu tunamsikia sauti tu, kamera imekaa pale alipokaa yeye.

Kuhusu mwisho mi nakataa kwamba kaishiwa. Farhadi ametoka kwenye tamthilia za jukwaani, amesomea mambo hayo Tehran, ni mtu anayejua kufunga hadithi akitaka. Angalia walivyokaa kwenye ile korido, yeye huku, yeye kule, katikati kuna kizuizi cha kioo, wamevaa nyeusi ambayo inakuonyesha mzee ameshafariki. Sasa fikiria hapo. Mzee ndiye aliyekuwa sababu ya Nader kutoondoka. Sababu imeondoka na bado wamekaa mahakamani wanaachana. Hilo ndo jibu la swali lako la nani aliyeivunja, sababu iliyokuwa inatajwa haikuwa sababu. Na muziki unaanza pale kwenye korido majina yakiwa yanapita, muvi nzima kabla ya hapo imeenda bila muziki wa kukuambia hapa sikitika, hapa ogopa.

Termeh kachagua nani? Hakuna jibu ambalo lingemuacha salama. Akimchagua baba kampoteza mama, akimchagua mama kampoteza baba, na akitoka mle ndani mmoja wao atajua kwamba mwanae alikaa akapima akamuacha.

Kisiki:

Mkuu hiyo ya nyeusi nimeisoma kwa sauti na mke wangu kanyamaza. Hatukuwa tumeiona kabisa. Kwa hiyo mzee kafa na bado wanaachana, dah.

Nyuki:

Mi naona mnazungumzia ndoa moja wakati muvi ina ndoa mbili zinazoyumba. Hivi Razieh na Hodjat nao si mume na mke?

Hodjat hana kazi, ana madeni, wadai wanamtia ndani anatoka anaingia. Mkewe anaenda kufanya kazi kwa siri kwenye nyumba ya mwanaume ambaye mkewe hayupo, huku ni mtu wa dini sana. Mnakumbuka ile siku ya kwanza mzee anajisaidia kwenye nguo, na Razieh anapiga simu kuuliza kama ni dhambi kumbadilisha nguo mwanaume asiye maharimu wake, yaani asiye ndugu yake wa karibu? Kasimama pale na simu, mzee kaloa, na binti yake mdogo Somayeh anamwambia hatamwambia baba. Katoto kale tayari kameshajifunza kuficha mambo kwa ajili ya amani ya nyumba. Termeh naye baadae atajifunza hivyo hivyo.

Af angalia hizi ndoa mbili zinavyofanana. Nader hamwombi mkewe abaki kwa sababu ya heshima yake, Hodjat hawezi kuambiwa na mkewe kwamba anafanya kazi kwa sababu ya heshima yake. Tofauti ni kwamba Nader kasoma, anajua kuongea mbele ya hakimu, sauti haipandi, anaonekana mstaarabu. Hodjat anapiga kelele, anatishia, anajipiga kichwani kwa hasira, na kila akifungua mdomo mahakamani anajiharibia. Yeye mwenyewe anasema hajui kuongea kama hawa. Wote wawili ni wakali, ila mmoja ana maneno na mwingine hana, na watazamaji wengi wanamsamehe mwenye maneno. Hata hapa, tazama ni wangapi wametaja jina la Hodjat kabla yangu.

Na mtu msafi kuliko wote kwenye ile muvi kwangu ni Razieh. Diya imeshapangwa, wadai wamekaa sebuleni kwao wanasubiri hela, Nader anasema sawa nalipa ila aape kwa Kurani kwamba ni mimi niliyesababisha. Neno moja tu na familia yake inatoka kwenye madeni. Akakataa. Anaogopa hiyo hela italeta balaa kwa mwanae. Mumewe anamfuata jikoni anamwambia apa dhambi iwe juu yangu, akakataa pia. Sijui ni wangapi kati yetu tungeweza.

Mama Wawili:

Nyuki umenigusa. Ile ya "apa dhambi iwe juu yangu" ndo mapenzi na uonevu kwa wakati mmoja. Na pale sebuleni Somayeh na Termeh wanavyotazamana watu wakitoka, hakuna neno, ila yule mdogo anamtazama Termeh kama mtu aliyemkosea.

Dereva wa Usiku:

Nirudi kwenye swali la Termeh. Mi naona alishachagua zamani, na alichagua siku ile kwa hakimu. Swali lilikuwa Nader alijua au hakujua kwamba Razieh ni mjamzito, maana kama alijua akamsukuma ni jambo jingine. Nader anakana. Termeh anamkamata nyumbani, baba anakiri kwake kwamba alisikia, ila wakati wa hasira haikuwepo kichwani, halafu anamwambia kama unataka nikaseme ukweli sema we. Yaani baba mtu mzima anamtupia mtoto mzigo ule! Mtoto akaitwa kwa hakimu, akadanganya kumuokoa baba yake. Wakiwa kwenye gari machozi yanamtoka na Nader anaendesha.

Kwa hiyo mi nadhani alimchagua mama mwishoni. Muda wote alibaki kwa baba sababu aliamini akibaki mama atarudi, yeye ndo alikuwa kamba inayowaunganisha. Baada ya ule uongo aliona baba anaweza kumtumia. Lakini sina ushahidi, ni hisia.

Kipepeo Mweusi:

Samahani wakuu mi siungi mkono muvi kuisha bila jibu. Nimekaa masaa mawili nimewapenda hawa watu, nina haki ya kujua. Muvi nyingi za mahusiano siku hizi zinaishia hewani halafu tunaambiwa tufikirie. Nadhani Farhadi angeweza kutuambia na bado ikauma.

Fundi Picha:

Kipepeo nakuelewa, na wengi wanasema hivyo. Ila fikiria angesema "nakaa na mama". Kesho yake mazungumzo yote yangekuwa Termeh kafanya vizuri, Termeh kakosea. Tungemhukumu mtoto. Kwa kukaa kimya tunabaki tunawatazama waliomfikisha pale, wazazi wawili kwenye korido. Kumbuka pia binti aliyecheza Termeh, Sarina, ni mtoto wa Farhadi mwenyewe, na mi nahisi alimlinda hata mhusika.

Lakini kukubalika muvi ilikubalika kweli, 2011 ilichukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, waigizaji wake wa kiume wakapewa tuzo kwa pamoja na wa kike kwa pamoja, na 2012 ikawa muvi ya kwanza ya Iran kupata Oscar.

Sasa za kuangalia. Kisiki ukitaka mama wa zote tafuta Scenes from a Marriage ya Ingmar Bergman, Sweden 1973, Liv Ullmann na Erland Josephson. Ni watu wawili wanaongea vyumbani basi, na huwezi kutoa macho. Mume anarudi nyumbani usiku anamwambia mkewe amepata mwanamke mwingine na kesho anaondoka naye, na mke, badala ya kupiga kelele, anaanza kumsaidia kupanga nguo. Mi kile kipande hakijawahi kunitoka.

Nyuki:

Mi naongeza 45 Years ya 2015. Hii ni ya wazee, Charlotte Rampling na Tom Courtenay, wiki ya sherehe ya miaka 45 ya ndoa yao inakuja barua kwamba mwili wa msichana aliyekuwa mpenzi wa mume kabla hajaoa umepatikana kwenye barafu Uswisi, yuko vile vile kama alivyokufa ujanani. Hakuna aliyechepuka, hakuna aliyedanganya sana, msichana mwenyewe amekufa miaka mingi. Lakini mke anaanza kujiuliza kila kitu tulichofanya miaka yote hii kilikuwa chetu au kilikuwa cha yule. Anapanda darini peke yake anaangalia picha za slaidi za yule msichana, na akigundua anachogundua pale (siwaambii), uso wa Rampling haufanyi karibu chochote na unaelewa yote. Wote wawili walipata tuzo za uigizaji Berlin.

Blue Valentine ya 2010 nayo kama una moyo mgumu. Inachanganya siku walizopendana na siku wanazoachana, na zile za mapenzi zilirekodiwa kwa filamu ya zamani ya milimita 16 na za kuachana kwa dijitali, kwa hiyo hata rangi tu inakuambia. Ryan Gosling na Michelle Williams walikaa nyumba moja kama mwezi mzima kabla ya kurekodi zile za ndoa kuharibika, wajifunze kuchokana. Kilichonikaa mimi ni kwamba sifa ile ile iliyomfanya amkubali, kwamba ni mtu wa michezo na hana makuu, ndo inayomchosha baadae.

Dereva wa Usiku:

Na Marriage Story ya 2019, Adam Driver na Scarlett Johansson. Inaanza kila mmoja anasoma mazuri ya mwenzake unadhani wanapendana, kumbe ni zoezi walilopewa na msuluhishi na mke anakataa kusoma yake. Hapo ndo utaona mawakili wanavyogeuza vitu vidogo vya ndani kuwa silaha. Laura Dern alipata Oscar kwa kucheza wakili wa mke na anaistahili.

Kisiki:

Shukrani sana wakuu, nimejifunza. Mke wangu anasema Mama Wawili ni dada yake kuanzia leo. Mi kwa Nader bado sijamuacha kabisa, ila lile la kutomuomba mkewe abaki siwezi tena kulitetea, nimelitafutia sababu nimekosa.

Tunaanza na hiyo ya Sweden Jumamosi. Fundi Picha, nimeona kuna mbili, moja ndefu ya vipande na moja muvi ya kawaida, na kuna nyingine mpya ya Marekani. Ipi ni ipi?

Fundi Picha:

Ile ndefu ndo ya asili, ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni, vipande 6, jumla karibu masaa 5. Baadae ikafupishwa ikawa muvi ya chini ya masaa 3 kwa ajili ya kumbi za sinema. Angalieni ndefu, kipande kimoja kwa usiku mmoja. Ya Marekani ni ya 2021, Oscar Isaac na Jessica Chastain, vipande 5, pale anayeondoka ni mke, kwa hiyo ni nzuri kuiona baada ya ya kwanza muone kama mtamhukumu sawa na mlivyomhukumu mume. Kile cha mume kurudi usiku ni kipande cha 3, msikianze wakati mna usingizi.